Mwaka mmoja uliotolewa na Mahakama Kuu umekwisha: vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa viko hai au vimekufa?

Mwenye hoja (stesheneri, Mwanza mjini)

Wadau, habari za Jumatatu. Leo ni tarehe 23 Oktoba 2023. Tarehe kama ya leo mwaka 2019, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliitupa rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Nataka tujadili swali moja ambalo limeninyima usingizi, na naomba anayelijua kwa undani asininyime.

Kwa asiyelifahamu shauri lenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inasema mwanamume haoi mpaka afike miaka 18, lakini msichana anaolewa akiwa na 15. Mahakama inaweza hata kuruhusu 14 kukiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinaongeza kwamba msichana ambaye hajafika 18 aolewe kwa ridhaa ya baba. Baba akiwa amefariki, mama. Na mama naye akiwa hayupo, mlezi. Mwaka 2016 Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam, akasema vifungu hivyo vinavunja usawa uliomo katika ibara ya 12 na 13 za Katiba. Tarehe 8 Julai 2016 akashinda. Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe, umri uwe 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa, na 2019 rufaa hiyo ikaanguka.

Sasa nieleze kwa nini linanihusu mimi. Nina kibanda cha stesheneri hatua chache kutoka mahakamani. Nachapa hati za kiapo, natoa kopi, nauza bahasha na faili. Februari 2021 alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Kwimba pamoja na binti yake. Alitaka kuchapiwa barua: kwamba yeye, baba mzazi, ameridhia binti yake mwenye miaka 15 aolewe. Alisema ofisini kwao ameambiwa alete maandishi. Kadi ya kliniki ilikuwa imekunjwa ndani ya kipande cha nailoni, kona zimeliwa na mende, lakini tarehe ilisomeka vizuri: Novemba 2005. Binti alisimama nyuma yangu akisoma kwa sauti ya chini bango langu la bei, kopi 100, kuchapa ukurasa 1,000. Nilipofika kwenye jina lake akanyoosha kidole kwenye skrini, akasema, "Shangazi, jina langu lina h." Nikarekebisha. Nikachapa, baba akaweka dole gumba, nikapokea shilingi 1,000.

Mwezi uliofuata wakili mmoja akaniletea hukumu ya Gyumi nimtolee kopi tatu. Niliisoma mashine ikiwa inazunguka. Iko kwa Kiingereza, nikawa nahangaika nayo na kamusi ya simu. (Mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Hukumu inayowahusu mabinti wa Kwimba na Sengerema kuliko mtu mwingine yeyote, wao wenyewe hawawezi kuisoma. Hili nalo linauma.)

Kisha nikafungua Katiba, hii ya Kiswahili tunayoiuza hapa kibandani. Ibara ya 30(5) inasema Mahakama Kuu ikiona sheria inavunja haki za msingi, badala ya kuitamka batili papo hapo inaweza kuipa Serikali muda irekebishe. Sheria hiyo itahesabiwa kuwa halali mpaka kasoro irekebishwe au mpaka muda ule uishe, na unaozingatiwa ni ule ulio mfupi zaidi. Isomeni tena hiyo. Mpaka muda uishe!

Mwaka ule mmoja, uuhesabu kuanzia 2016 au uuhesabu kuanzia 2019, umekwisha. Kasoro haijarekebishwa. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: tangu Oktoba 2020, kwa mujibu wa Katiba yenyewe, vifungu hivyo havina uhai. Barua niliyoichapa mimi ilisimama juu ya sheria iliyokwisha kufa, na kila mtu anayeifungisha ndoa ya namna hiyo leo anafanya jambo lisilo na sheria nyuma yake. Niko tayari kusahihishwa. Karibuni.

Wakili, Mwanza

Shikamoo mama. Umesoma ibara ya 30(5) vizuri kuliko mawakili wengi ninaowajua. Ila naomba nikupinge mahali pawili.

Kwanza, ibara hiyo inaeleza kinachotokea wakati muda unakwenda. Haisemi kwa maneno ya wazi kwamba muda ukiisha sheria inajifuta. Wewe unasema ikishakoma kuhesabiwa halali basi ni batili. Mimi nakubali kwamba ndiyo maana ya kawaida ya maneno yale, lakini mwenye mamlaka ya kutamka maana ya Katiba ni mahakama, na mpaka sasa sijaona hukumu iliyokaa mahsusi juu ya swali la nini hutokea siku ya 366.

Pili, tofautisha mahakama na ofisi. Hakimu yeyote nchini anafungwa na uamuzi wa Mahakama ya Rufani. Ukileta mbele yake ombi la kumwozesha msichana wa miaka 14 chini ya kifungu cha 13(2), hawezi kujifanya hukumu ya Gyumi haipo. Lakini mtendaji wa kijiji au mfungisha ndoa anafungua Sura ya 29 ya sheria za nchi, anakuta imeandikwa 15, anaendelea. Kitabu hakijabadilika, na yeye hasomi hukumu, anasoma kitabu.

Kwa hiyo mimi nasema vifungu hivyo mahakamani ni maiti na vijijini vinatembea.

Mzee wa Magu

Mimi nina miaka 71 na nimeozesha mabinti wanne. Nitasema yangu bila kumvunjia mtu heshima.

Sheria ile ya 1971 haikushuka kutoka mbinguni. Kabla yake Serikali ilitoa waraka, Waraka Na. 1 wa 1969, ukajadiliwa nchi nzima, na viongozi wa dini wakasema yao. Nchi hii ina makabila zaidi ya mia moja, ina Waislamu, Wakristo na sisi wenye mila. Sheria ile ilikuwa maafikiano, kila upande uliachia kidogo. Leo majaji wachache wanakaa Dar es Salaam wanayavunja maafikiano ya taifa zima. Magu aliulizwa nani?

Na hayo ya ng'ombe myaelewe. Ng'ombe si bei ya binti. Ng'ombe ni ushahidi kwamba koo mbili zimefungamana, na mume akimtesa, koo yake inajua ina deni. Binti aliyefeli darasa la saba anakaa nyumbani, vijana wa pikipiki wanapita, anapata mimba, kijana anakimbilia mgodini Geita. Anayelea mjukuu ni mimi. Sasa niambieni, kati ya kumwozesha kwa heshima na kumwacha aharibikiwe, mzazi achague nini?

Nesi, Ukerewe

Mzee wangu shikamoo. Naheshimu uliyoyasema kuhusu koo. Mimi nimezalisha kisiwani miaka 11, na naomba niongeze kitu kimoja. Msichana wa miaka 15 nyonga yake mara nyingi haijakomaa. Uchungu unaanza jioni, asubuhi mtoto bado hajashuka, tunatafuta usafiri wa maji kumpeleka hospitali ya Bugando, na ziwa siku hiyo limechafuka. Akipona, wengine wanarudi wakivuja mkojo, na koo ile ile iliyopokea ushahidi wa ng'ombe inamrudisha kwao. Nimeshuhudia si mara moja.

Mwalimu wa Uraia, Sengerema

Mnalizungumza kama suala la umri tu. Mimi naliona kama suala la nani ana neno la mwisho katika nchi hii, na hapo historia yetu haifurahishi.

Mahakama ya Rufani tulianzisha 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika na mahakama yake kufa nayo. Haki za binadamu zikaingia kwenye Katiba 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani 1988. Tangu hapo mahakama na Bunge vinapimana nguvu. Mfano mkubwa ni Mchungaji Christopher Mtikila na mgombea binafsi. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma alisema raia asilazimishwe kuwa mwanachama wa chama ndipo agombee. Bunge likabadili Katiba mwaka huo huo ili kuziba mlango. Mtikila akarudi, 2006 Mahakama Kuu ikampa tena. Ikaja rufaa, na tarehe 17 Juni 2010 jopo la majaji saba chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani likasema suala hili ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha, ikasema Tanzania imevunja haki za Mtikila. Mtikila alifariki 2015. Mgombea binafsi hadi leo hayupo.

Someni hizo tarehe, mtaona mtindo. Mahakama inasema, Bunge linanyamaza, na raia anazeeka. Kwa hiyo mimi namlaumu pia jaji. Ile njia ya katikati, ya kuipa Serikali mwaka mmoja, ndiyo iliyotuletea mkanganyiko huu. Zimbabwe, Januari 2016, Mahakama yao ya Katiba haikumpa mtu muda. Ilisema kuanzia siku ile ya hukumu hakuna mtu wa chini ya miaka 18 atakayefunga ndoa yoyote, iwe ya kimila, ya kidini au ya serikali. Mtendaji wa kule hana cha kusubiri. Sisi tulichagua upole, na upole ule umelipiwa na mabinti.

Wakili, Mwanza

Mwalimu, usichanganye Mtikila na Gyumi. Kwa Mtikila kilichopingwa kilikuwa ndani ya Katiba yenyewe, ibara ya 39 na 67, na Mahakama ya Rufani ikasema haina mamlaka ya kuifuta Katiba kwa kutumia Katiba. Kwa Gyumi ni sheria ya kawaida inayogongana na Katiba. Hapo ibara ya 64(5) iko wazi kwamba sheria yoyote inayokiuka Katiba ni batili kwa kadiri inavyokiuka. Mahakama iko ndani ya uwanja wake kabisa.

Ustadhi, Mwanza

Assalaam alaykum. Nitasema upande ambao haujasemwa. Sisi Waislamu ndoa yetu haikuhesabiwa kwa miaka, ilihesabiwa kwa baleghe na kupevuka akili. Katiba hiyo hiyo mnayoisoma, ibara ya 19, inatulindia dini. Mahakama inapoweka namba moja kwa wote, inagusa ibada ya watu. Jambo la namna hiyo lilipaswa kwenda bungeni, watu wa dini wakaitwa, wakasikilizwa, kama 1969. Hapo nipo pamoja na mzee wa Magu.

Lakini nitasema na hili, kwa sababu nataka niwe mkweli mbele ya Mola wangu. Mimi nafungisha nikaha. Binti wa miaka 15 akiletwa mbele yangu, huwa naomba nizungumze naye akiwa na mama yake tu. Namuuliza mahari ataifanyia nini, namuuliza mume akisafiri miezi mitatu ataishi vipi. Wengi hawana jibu. Baleghe ipo, kupevuka hakupo. Wawili niliwarudisha kwa wazazi wao, na wazazi walinichukia. Kwa hiyo sipingi kwamba kuna dhulma. Napinga njia iliyotumika.

Mvuvi, Igombe

Niwe mfupi. Tunavua ziwa moja na Waganda na Wakenya. Katiba ya Uganda ya 1995 ibara ya 31 inasema miaka 18. Kenya sheria yao ya ndoa ya 2014 inasema 18. Kule nako kuna Waislamu, kuna mila, kuna ng'ombe, na mbingu haijaanguka. Kwa nini msichana wa upande huu wa maji awe mwanamke mapema kuliko wa upande ule?

Afisa ustawi wa jamii, Misungwi

Naona wote mmepita pembeni ya jambo ambalo kwetu sisi kazini ndilo linalotuumiza kuliko yote. Fungueni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130(2)(e). Kinasema kufanya tendo la ndoa na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, awe amekubali au hakukubali. Halafu kinaweka mlango: isipokuwa awe ni mke wake, ana miaka 15 au zaidi, na hawajatengana.

Mnaelewa maana yake? Tunapata taarifa, tunakwenda na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, tunamkuta mwanamume wa miaka 40 na msichana wa 15. Anatoa karatasi. "Huyu ni mke wangu, baba yake ameridhia, hii hapa barua." Barua kama ile aliyoichapa mama mwenye hoja. Askari ananitazama, mimi namtazama. Ile karatasi ndiyo inayotenganisha ndoa na kifungo cha miaka 30.

Sheria ya Elimu ilibadilishwa 2016, ukimwoa mwanafunzi ni miaka 30 jela. Nzuri sana. Lakini Sheria ya Elimu inamlinda aliye shuleni. Binti aliyemaliza la saba na jina lake halikutoka kwenda sekondari, siku ya matokeo analala mwanafunzi na kuamka mtu asiye na ulinzi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto mpaka 18. Sheria ya Ndoa inamwita mke kuanzia 15. Ni binti huyo huyo mmoja, wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo swali la mama si la kinadharia. Kama kifungu cha 13 kimekufa, basi hakuna "mke wa miaka 15", na ule mlango wa kifungu cha 130 umefungwa. Kama kiko hai, mlango uko wazi. Wakili, tusaidie hapo. Mimi Jumatano nina kesi ya namna hiyo mkononi.

Wakili, Mwanza

Afisa, hapo umenigusa, na nitakuambia ninavyoona kama ningekuwa nasimama mahakamani. Ule msamaha wa kifungu cha 130 unategemea kuwepo kwa ndoa halali. Uhalali wa ndoa unatokana na kifungu cha 13. Mahakama ya Rufani imesema kifungu cha 13 kinavunja Katiba, na muda wa neema umekwisha. Kwa hiyo mwendesha mashtaka ana hoja nzito ya kusema hakuna ndoa na hakuna mke. Utetezi nao utajibu kwamba mtu hawezi kufungwa miaka 30 kwa kufuata sheria iliyochapishwa na Serikali, ambayo Serikali yenyewe imekataa kuifuta. Jaji atakuwa na kazi. Ila mkononi mwako Jumatano, afisa, beba nakala ya hukumu. Usiende na Sheria ya Mtoto peke yake.

Mwenye hoja

Nimerudi, wateja walikuwa wengi. Nashukuru kila mmoja.

Mzee wa Magu, shikamoo. Umeuliza Magu aliulizwa nani. Swali hilo ni la haki, na mimi sitalikwepa. Lakini mzee wangu, mwaka 1969 walipozunguka na waraka, wasichana wa miaka 15 waliulizwa na nani? Katika maafikiano yale kila upande uliachia kidogo, umesema. Wao ndio walioachiwa. Katiba tuliiweka juu ya sheria ili mtu ambaye hakuwepo mezani siku ya maafikiano awe na mahali pa kwenda kulia. Na kuhusu yule wa pikipiki, nakubaliana nawe kwamba hofu ipo. Ila huyo wa pikipiki sheria inamwita mbakaji. Huyu mwenye ng'ombe inamwita mkwe. Binti aliyepo kati yao ni yule yule, na nyonga ni ile ile aliyoisema nesi.

Wakili, wewe umesema mahakamani ni maiti, vijijini vinatembea, na kwamba tusubiri mahakama itamke au Bunge libadilishe kitabu. Naomba nikukumbushe kitu kilichotokea hapa hapa Mwanza, nawe najua unakijua.

Kule Kagera, ng'ambo ya ziwa letu, palikuwa na mama mmoja, Holaria Pastory. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Agosti 1988 akaona amezeeka, hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakama ya mwanzo kudai mauzo yafutwe, kwa sababu sheria za mila za urithi zilizotangazwa 1963 zilisema mwanamke anaweza kutumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini kuuza hapana. Mwanamume wa ukoo aliruhusiwa kuuza. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Jaji yule angeweza kusema: sheria imeandikwa hivi, nendeni bungeni. Angeweza kutoa mwaka mmoja. Tarehe 22 Februari 1990 alisema haki za usawa ziko kwenye Katiba tangu 1984, na sheria Na. 16 ya mwaka ule inamwagiza jaji azisome sheria za zamani kana kwamba zimekwisha kurekebishwa zilingane na Katiba. Akaisoma hivyo. Akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume, mauzo yasimame. Mama yule akaondoka na haki yake siku ile ile. Kitabu cha 1963 hakikuwa kimebadilishwa hata nukta, na hakikuhitajika kubadilishwa ili yeye apate haki.

Ndiyo maana mimi sikubali lugha ya kusubiri. Kama jaji mmoja wa Mwanza aliweza kuisoma sheria ya mila kwa macho ya Katiba mwaka 1990, kwa nini mtendaji, padri, shekhe na mfungisha ndoa wa 2023 washindwe, wakati Mahakama ya Rufani imekwisha kuwasomea?

Ustadhi, nimekusoma mara mbili. Wewe hujakubali njia, lakini wawili uliwarudisha. Mungu akulipe.

Mwalimu wa Uraia, Sengerema

Mfano wa Holaria Pastory nauchukua darasani kesho. Bado nasema kosa la mwaka mmoja lilikuwa kosa. Swali langu kwa wakili: kwa nini mtu asirudi mahakamani akaomba itamkwe tu kwamba muda umekwisha na vifungu ni batili? Shauri la siku moja.

Wakili, Mwanza

Nani atarudi, mwalimu? Gyumi alipokwenda 2016, ibara ya 26(2) ilimruhusu raia yeyote kwenda kuilinda Katiba. Yeye hakuwa ameozeshwa akiwa na 15. Alikwenda kwa niaba ya wengine. Mwaka 2020 Bunge likaibadili sheria ya utekelezaji wa haki za msingi. Sasa anayekwenda lazima aape hati inayoeleza jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Sharti hilo limepingwa mahakamani, na hadi leo hii Oktoba 2023 bado lipo. Kwa hiyo mimi siwezi kwenda, na mama mwenye hoja pia. Anayeweza bila kubishiwa mlangoni ni msichana aliyeozeshwa chini ya vifungu hivyo baada ya muda kwisha. Awe tayari kusimama, awe na ushahidi wa maandishi wa umri na wa ridhaa ya baba. Mtafuteni huyo. Nikimpata nitamwandikia shauri bila kuchukua senti.

Mzee wa Magu

Binti yangu wa stesheneri, maneno yako kuhusu waliokuwa mezani yameniingia. Sijasema nimekubali yote. Ila kijijini kwetu tuna mkutano Jumamosi, na kuna familia mbili nazijua zimekwisha kupokea washenga. Hiyo ibara ya 30 mnayoisema, nataka niisome mwenyewe mbele ya watu. Iandike kwa herufi kubwa, macho yangu si ya zamani.

Mwenye hoja

Mzee, nitaichapa leo jioni, na ukurasa wa amri ya mahakama nitautafsiri kwa kadiri ninavyoweza, wakili aupitie. Kesho asubuhi nampa kondakta wa basi la Magu bahasha yenye jina lako. Usilipe kitu.

Wakili, umesema mwenye ushahidi wa umri na wa ridhaa ya baba. Nimefungua kompyuta sasa hivi. Barua ile ya Februari 2021 sikuifuta. Ina jina la kijiji, ina jina la baba, ina tarehe aliyozaliwa, na jina lake lina h. Mwezi ujao anatimiza miaka 18. Kama yuko hai na yuko tayari, anaweza kuapa hati yake mwenyewe, hahitaji ridhaa ya mtu. Alhamisi nafunga kibanda. Nakwenda Kwimba kumtafuta.